Nailoni nayo huchacha: vitamini E, karafuu na siri ya plastiki isiyokatika

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira kidogo, tuongelee kitu ambacho kila mtu anakishika kila siku lakini hakuna anayekiuliza maswali: nailoni.

Nimepata maswali mawili kutoka kwa vijana wanaolima nyanya na pilipili hoho kwenye kitalu nyumba. La kwanza: "Kaka, kwa nini nailoni yetu imekuwa kama karatasi kavu, ukiigusa inapasuka, wakati mwaka haujaisha?" La pili linatoka kwa kijana mwingine kabisa: "Nimesoma kuwa siku hizi plastiki inawekewa vitamini E. Hilo si changa la macho?"

Nikaona nisiyajibu mbalimbali, maana ukilielewa la kwanza, la pili linajijibu lenyewe. Na kuna hela za watu humo ndani. Kikundi cha vijana kinachochanga kununua nailoni, halafu ikakatika msimu wa pili, kinapoteza mtaji, mazao na moyo wa kuendelea. Hebu twende taratibu.

NAILONI TUNAYOISEMA NI NINI?

Kwanza tuelewane kwenye jina. Ile tunayoiita nailoni mtaani, ya kufunika kitalu, ya kuanikia mpunga, ya kufungia mikate, mara nyingi si nailoni kwa lugha ya kiwandani. Ni polietilini, kwa kifupi PE. Mfuko wa kusuka wa sandarusi nao ni ndugu yake wa karibu, polipropilini, yaani PP.

Hizi zote ni minyororo mirefu sana ya kaboni na haidrojeni. Nguvu ya nailoni inatokana na urefu wa hiyo minyororo, kama kamba ya katani inavyopata nguvu kwa nyuzi ndefu zilizosokotwa pamoja. Ukizikata zile nyuzi vipande vifupi, kamba kwa macho bado ni kamba, lakini ukiivuta inakuachia mkononi.

Ndivyo inavyotokea kwenye nailoni ya kitalu. Kwa macho ipo pale juu, inang'aa. Ndani, minyororo imeshakatwa. Siku upepo ukija ndiyo unajua.

MAFUTA YANACHACHA, NA PLASTIKI VILEVILE

Nani anayeikata? Jibu ni oksijeni, hii hii tunayovuta, ikisaidiwa na joto na jua.

Mnajua mafuta ya kula yakikaa sana yanatoa ile harufu kali ya kukera. Wengine wanasema yamevunda, wengine yamechacha. Kinachotokea kwenye mafuta yale na kinachotokea kwenye nailoni ni mchezo uleule wa kikemia. Mafuta nayo yana minyororo ya kaboni na haidrojeni, ila mifupi. Oksijeni inaingia, inavuruga, na mwisho wake ni harufu mbaya. Kwenye plastiki mwisho wake ni kupauka, kugeuka njano na kupasuka.

Wanasayansi wawili, Bolland na Gee, waliochunguza mpira na mafuta huko Uingereza miaka ya 1940, ndio walioonyesha hatua za mchezo huu, na mpaka leo maelezo yao ndiyo msingi wa somo hili. Nitawaeleza kwa lugha ya kwetu.

Fikiria mmetoka msikitini baada ya swala. Mtu mmoja hazioni ndara zake. Ana haraka, anavaa za mwenzake. Mwenzake akitoka hazioni zake, naye anavaa za wa tatu. Wa tatu za wa nne. Ndara moja tu ilipotea mwanzoni, lakini sasa msikiti mzima unalalamika.

Kwenye plastiki, "ndara" ni chembe ya haidrojeni. Joto la mashine au mwanga wa jua unang'oa haidrojeni moja kwenye mnyororo. Sehemu iliyobaki inaitwa radikali huru, na haitulii. Inakamata oksijeni, inakuwa kali zaidi, kisha inanyang'anya haidrojeni ya mnyororo wa jirani. Jirani naye anakuwa radikali. Mchezo unaendelea.

Ubaya zaidi, kila mzunguko unaacha nyuma kitu kinaitwa haidroperoksaidi. Hicho ni kama kiberiti kilichofichwa kwenye nyasi. Kikipata joto au jua kinapasuka na kutoa radikali mbili mpya. Ndiyo maana nailoni haizeeki pole pole kwa mwendo mmoja. Inakaa vizuri muda mrefu, halafu ghafla inaanguka. Mkulima anasema "jana tu ilikuwa nzima". Anasema kweli, kwa macho ilikuwa nzima.

ANAYEKUBALI KUTEMBEA PEKU

Unausimamishaje mchezo wa ndara? Anahitajika mtu mmoja muungwana atakayesema: "Chukua zangu, mimi naenda nyumbani peku, sina shida." Mnyororo wa wizi unakatika hapo hapo.

Muungwana huyo ndiye antioksidanti. Anatoa haidrojeni yake kwa radikali, yeye mwenyewe anabaki ametulia, hamnyang'anyi mtu. Wengi wao ni wa ukoo wa fenoli, yaani kemikali zenye duara la kaboni lililoshikiliwa na kikonyo cha oksijeni na haidrojeni. Kikonyo hicho ndicho ndara ya kutoa.

Viwanda vinatumia fenoli zilizotengenezwa maalumu. Maarufu zaidi ni BHT na ile inayouzwa kwa jina la Irganox 1010. Wanaongeza na wasaidizi wa ukoo wa fosfaiti, ambao kazi yao ni kuvizima vile viberiti kabla havijalipuka. Bila kitu cha namna hii nailoni isingevuka hata mlango wa kiwanda, kwa sababu PE inayeyushwa kwenye mashine kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, halafu inapulizwa kama puto kubwa ili iwe shuka jembamba. Joto hilo peke yake linatosha kuanzisha wizi wa ndara.

SASA VITAMINI E INAINGIAJE?

Swali zuri ni hili: mimea na wanyama nao wana mafuta mwilini, wanaishi kwenye oksijeni na jua. Mbona hawachachi?

Kwa sababu maumbile yalishawapa waungwana wao zamani. Mkubwa wao kwenye mafuta ni vitamini E, na aina yake inayojulikana zaidi inaitwa alfa-tokoferoli. Imo kwenye mbegu, kwenye mawese, kwenye alizeti. Ufuta nao una wa kwake, anaitwa sesamoli, ndiyo maana mafuta ya ufuta yanavumilia kukaa. Hata utomvu wa mpira unaogemwa mtini una jamaa za vitamini E ndani yake.

Alfa-tokoferoli ni fenoli, ina kile kikonyo. Na ina mkia mrefu wa kaboni unaopenda mafuta, kwa hiyo inachanganyika na PE bila ugomvi. Ukiiweka kwenye plastiki inayoyeyushwa, inafanya kazi ileile inayofanya kwenye mbegu ya alizeti.

Kwa hiyo kijana wetu, si changa la macho. Vitamini E imetumika kwenye plastiki za kufungashia kwa miaka mingi, na ni mojawapo ya zinazofanya kazi kwa kasi sana wakati plastiki iko kwenye mashine. Kuna mahali pengine pa kushangaza zaidi: nyonga za bandia. Kikombe cha nyonga bandia mara nyingi ni cha polietilini ngumu, inayopigwa mionzi ili isilike haraka. Mionzi inaacha radikali huru ndani. Tangu miaka ya 2000 madaktari wa mifupa wamekuwa wakitumia vikombe vilivyowekewa vitamini E ili kuzituliza radikali hizo. Yaani kuna watu wanatembea mjini na plastiki yenye vitamini E mwilini.

Kiasi kinachowekwa ni kidogo mno. Kwa kuyeyusha PE, gramu 100 mpaka 300 kwa tani nzima zinaweza kutosha. Tupige hesabu. Nailoni ya kitalu yenye unene wa maikroni 200 ina uzito wa gramu 184 hivi kwa mita moja ya mraba. Ukitumia mita za mraba 300, ni kilo 55. Kwa kipimo cha gramu 300 kwa tani, vitamini E yote ndani ya paa hilo ni gramu 17 hivi. Ni kijiko cha mezani na ushee.

Ila tusidanganyane. Neno "asili" hapa lina mkono wa kiwanda. Vitamini E inayotumika kwenye plastiki kwa kawaida inatengenezwa kiwandani, haikamuliwi kwenye alizeti. Molekuli ni ya maumbile, njia ya kuipata si lazima iwe ya maumbile.

NA VYA KWETU JE? KARAFUU, MANJANO, KOROSHO

Najua wengine mmeshaanza kuwaza dili. Pemba tuna karafuu, Mtwara na Lindi tuna korosho, manjano yamejaa sokoni. Haya, tuyapime moja moja.

Karafuu. Mafuta yake sehemu kubwa ni yujenoli, na yujenoli ni fenoli halali, antioksidanti wa kweli. Tatizo ni kwamba ni nyepesi. Inachemka kwenye nyuzi 254 hivi, kwa hiyo kwenye mashine ya nyuzi 200 nyingi itatoka kama mvuke kabla haijafanya kazi. Na nailoni itanukia pilau. Kwa filamu inayopakwa baridi au inayotengenezwa kwa wanga, sawa. Kwa paa la kitalu, hapana.

Manjano. Kurkumini, ile rangi yake, nayo ni fenoli. Inalinda plastiki kwenye joto, lakini inaipaka rangi ya njano, na yenyewe inaharibiwa na mwanga. Kwa kazi ya juani ni askari anayelala zamu.

Rozmari. Majani yake yana asidi ya kanosiki, antioksidanti mwenye nguvu. Umoja wa Ulaya uliruhusu dondoo ya rozmari kama kiungio cha chakula mwaka 2010, kwa namba E392. Watafiti wameijaribu pia ndani ya filamu za kufungia vyakula vya mafuta.

Korosho. Hapa ndipo mimi napaona pa kutazamwa zaidi. Ganda la korosho lina mafuta mazito meusi, na ndani yake mna kadanoli, fenoli yenye mkia mrefu kama wa vitamini E. Haipepei kirahisi kama yujenoli na inaingiliana na PE. Imejaribiwa kwenye mpira na kwenye plastiki, na jamaa zake zilizosafishwa zinaendelea kuchunguzwa. Lakini waulizeni kina mama waliobangua korosho kwa mikono watawaambia: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi vibaya. Lazima yasafishwe na kugeuzwa kwanza. Asili na salama ni maneno mawili tofauti, msiyachanganye.

Masizi. Hii si ya mimea moja kwa moja lakini siwezi kuiacha. Masizi laini ya kiwandani, asilimia 2 mpaka 3, ndiyo yanayofanya bomba jeusi la maji na nailoni nyeusi vidumu juani miaka. Yanameza mwanga na pia yanatuliza radikali. Ila huwezi kuweka paa jeusi juu ya nyanya.

MBONA BASI KITALU KINAKATIKA?

Hapa ndipo watu wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna maadui wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

Adui wa kwanza ni joto la mashine. Hapo antioksidanti, wa asili au wa kiwandani, anamaliza kazi. Adui wa pili ni jua la kila siku, hasa mionzi ya urujuanimno, yaani UV. Kwa hilo vitamini E peke yake haitoshi. Inatoa ndara yake, inaisha, na jua bado lipo kesho na keshokutwa. Nailoni ya kitalu inahitaji kinga ya jua inayojirudisha kazini. Iliyozoeleka tangu miaka ya 1970 ni kundi linaloitwa HALS. Hilo likishazima radikali moja linajikarabati na kurudi zamu.

Kwa hiyo mtu akikuuzia nailoni ya kitalu kwa maneno ya "ina antioksidanti asilia", muulize: kinga ya UV je? Akibabaika, shika hela yako.

Na hata HALS ina udhaifu ambao wauzaji wengi hawausemi. Salfa inaiua. Wakulima wengi wanapuliza au kufukiza salfa kuzuia ubwiriunga. Moshi na vumbi lake vikikaa kwenye nailoni, kinga inakufa kabla ya wakati. Dawa zenye klorini nazo vilevile. Pia angalieni pale nailoni inapolala juu ya bomba la chuma. Chuma kinapata moto kali, na nailoni mara nyingi huanza kukatika pale pale. Kupaka bomba rangi nyeupe kunapunguza joto hilo kwa gharama ndogo.

KWENYE CHAKULA KUNA HADITHI NYINGINE

Sababu kubwa ya watu kutafuta antioksidanti wa asili haiko kwenye kitalu. Iko kwenye kifungashio cha chakula. Vitu vilivyo ndani ya plastiki vinaweza kuhama kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula, hasa chenye mafuta kama karanga, korosho na dagaa. BHT inajulikana kwa kuhama hivyo. Si kwamba ni sumu ya kukuangusha leo. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, iliweka kiwango kinachokubalika cha miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Lakini watu wanauliza: kama lazima kitu kihame, kwa nini kisiwe vitamini E, ambayo mwili unaihitaji?

Hapo ndipo wataalamu waliona fursa. Badala ya kuzuia kuhama, wanautumia. Wanatengeneza filamu inayoachia antioksidanti pole pole ili chakula chenyewe kisichache. Filamu inajilinda na inamlinda dagaa. Kwa nchi zetu, ambako karanga na samaki wakavu wanakaa kwenye joto bila friji, wazo hili lina maana kubwa kuliko huko Ulaya lilikozaliwa.

LAKINI SI TUMEPIGA MARUFUKU PLASTIKI?

Najua wapo watakaosema hivyo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sasa wewe unatuambia tuifanye plastiki idumu zaidi?

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa, na ikaacha vifungashio vya kilimo, tiba na viwanda. Kuna mantiki hapo. Mfuko wa kubebea nyanya dakika kumi haufai kudumu miaka mia. Paa la kitalu linafaa kudumu miaka mitatu au zaidi, kwa sababu likikatika baada ya miezi minane linageuka vipande vidogo shambani, na vipande hivyo haviokoteki.

Kuna na upande wa pili wa sarafu hii. Zamani walikuja watu na plastiki ya "kuoza yenyewe". Ilikuwa PE ileile iliyotiwa chumvi za madini kama manganizi na kobalti ili kuharakisha wizi wa ndara. Yaani kinyume cha antioksidanti. Ilikatika vipande kweli, lakini kupotea ni jambo jingine. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2019 iliyoanza kutumika Julai 2021. Kwa hiyo ukisikia "inavunjika haraka", usidhani ni sifa.

Na kwa vijana mnaokusanya plastiki na kuipeleka kwenye kuyeyushwa upya, hili linawahusu moja kwa moja. Kila mara plastiki inapoyeyushwa, antioksidanti wake anatumika. Nailoni ya mara ya pili au ya tatu ni dhaifu kwa sababu waungwana wameshaondoka wote peku. Kiwanda kinachojua kazi kinaongeza wengine kabla ya kuyeyusha. Hapo ndipo dondoo za mabaki ya mimea zinapochunguzwa sana: maganda ya zabibu, lignini ya miti, majani ya chai. Rangi ya kahawia haimsumbui mtu anayetengeneza mfuko wa takataka au mfuko wa miche.

KABLA HUJATOA HELA

Nafunga kwa mambo machache ya kushika mkononi. Unaponunua nailoni ya kitalu, uliza unene kwa maikroni, uliza kama ina kinga ya UV, na udai udhamini wa miezi mingapi ukiwa umeandikwa kwenye risiti. Isipoandikwa, hesabu kuwa haipo. Ukiihifadhi stoo, iweke gizani na mbali na joto, maana uzee unaanza hata kabla hujaifungua. Kila baada ya miezi michache kunja kona moja na uinyooshe. Ikiacha mstari mweupe wenye nyufa, anza kutafuta nyingine kabla ya mvua za upepo.

Na wale mnaosoma kemia, mradi wa mwisho wa chuo usiishie kwenye sabuni ya mwarobaini tu. Ganda la korosho lipo, kadanoli ipo, na mashine za kupuliza nailoni zipo mjini. Kuna kazi imelala pale inasubiri mtu.

Nawasilisha. Mwenye nyongeza, mwenye kupinga, au aliyewahi kukatikiwa na kitalu, uwanja ni wenu.